Jedwali la Pili

Meneja aliponiagiza niweke ufuatiliaji wa kila kitu kwenye jedwali la mzani ndani ya kompyuta ya kiwanda, nilipaswa kukataa. Simaanishi kukataa kwa ubishi. Nilipaswa kusema kama mwashi anavyosema akiona msingi hautabeba ghorofa: bosi, mashine hii haitaweza, tutafute namna nyingine. Badala yake nilisema, "Itawezekana, bosi. Nipe mpaka Jumatatu." Alinipiga begani akaondoka, nami nikabaki nimeketi nimefurahi.

Ilikuwa miaka ya tisini, milango ya biashara huria imeshafunguliwa. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa takwimu kwenye chama cha ushirika cha pamba, upande wa Magu. Elimu yangu ni kidato cha nne. Ushirika ulipopata kompyuta, walinipeleka Dar kwa kozi fupi, kwa sababu katika ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa naigusa bila kuogopa kwamba italipuka. Kisha wanunuzi binafsi wakaingia kwenye pamba, ushirika ukayumba, tukapunguzwa kazi. Nilihamia Mwanza mjini na cheti cha kozi. Wakati huo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga, na kimoja kilikuwa kinatafuta mtu wa kompyuta. Wenye shahada walikuwa hawajafika kwetu bado. Nikachukuliwa.

Nieleze kazi ya mapokezi ilivyokuwa, maana mambo yote yalianzia pale. Mitumbwi mikubwa ya injini ililetwa gatini na wakusanyaji, watu wanaonunua samaki kwa wavuvi visiwani na kwenye mialo ya mbali, yaani fukwe wanakoshushia samaki, na kuwaleta kiwandani ndani ya barafu. Kreti moja moja ilipandishwa kwenye mzani. Dada aliyekaa dirishani aliandika kwenye kompyuta namba ya mtumbwi, mwalo samaki alikotoka, daraja na uzito, kisha akabonyeza. Mashine ilihifadhi, na karatasi ndogo ikatoka kwenye printa. Wanunuzi wa Ulaya walitaka kujua kila samaki ametoka wapi, kwa hiyo sheria ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: karatasi haijatoka, kreti nyingine haipandi.

Mwanzoni karatasi ilitoka haraka hata hakuna aliyeifikiria. Dada wa mzani alikuwa mzaliwa wa mjini, familia yao wafanyabiashara wa zamani wa vitambaa, na mdomo wake haukupumzika. Alipiga namba huku akiwatania wakusanyaji kuhusu kofia zao, na foleni ilikwenda.

Miongoni mwa wakusanyaji alikuwepo kaka yangu. Tumechangia baba na mama. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, akilima pamba ili mimi niende sekondari. Pamba ilipoanguka, alikuwa ameshauza ng'ombe na kununua mtumbwi na injini. Mimi ndiye niliyempa habari kwamba kiwanda chetu kinatafuta wakusanyaji. Wavuvi wa mwalo wao walimpenda. Alikuwa ametundika mzani wake kwenye nguzo pale ufukoni, na kila asubuhi samaki wa mwalo ule walipita kwenye mzani wa kaka kabla ya kupita kwingine kokote.

Sasa kile alichokitaka meneja. Uzito wa mapokezini na uzito wa ukumbi wa kukatia haukulingana. Kila mara kulikuwa na upungufu, na meneja, ambaye alisomea uhasibu na alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, aliamini kuna mkono unaobadilisha namba baada ya kuingizwa. Mtaalamu mmoja aliyepita kutufungia mfumo alikuwa amemwambia kwamba jedwali la kompyuta linaweza kuwekewa amri ya kujifyatua yenyewe. Wenyewe huiita triga. Rekodi ikiingia, ikibadilishwa au ikifutwa, triga inaandika nakala kwenye jedwali la pili: nini kilikuwepo, nini kimewekwa, nani ameweka na saa ngapi. Hakuna mtu anayeibonyeza. Inafyatuka tu.

Kama angeomba hilo peke yake, na kwa mabadiliko tu, mashine ingebeba. Yeye alitaka kila kitu, hata rekodi mpya isiyo na shaka. Tena alitaka kabla ya kuhifadhi uzito wowote, triga iende kwanza kwenye jedwali la pili iangalie kama mtumbwi huo umewahi kuguswa namba zake, na kama umewahi, iweke alama. Ni sawa na kumwambia karani kwamba kabla ya kuandika jina moja daftarini asome daftari lote kuanzia ukurasa wa kwanza. Na daftari lenyewe linanenepa kwa kila jina analoandika.

Nililijua hilo. Kwenye kozi tulifundishwa, na mwalimu alirudia. Lakini sikuwahi kuombwa kitu ambacho mtu mwingine kiwandani hakiwezi, na utamu wa kuombwa ulinipofusha. Niliandika triga ile Jumamosi, nikaijaribu jedwali la pili likiwa tupu. Ilikimbia. Kujaribu hivyo ni kama kuukalia mtumbwi mpya nchi kavu na kutangaza kwamba hauvuji.

Wiki za mwanzo hazikuonyesha kitu. Meneja alinihamishia chumba chenye kiyoyozi, akaanza kuniita "mtaalamu" mbele za watu. Kisha msimu wa samaki wengi ukaingia, na taratibu, bila siku moja ambayo ningeweza kuinyooshea kidole, karatasi zikaanza kuchelewa.

Wa kwanza kusema alikuwa dada wa mzani. Nilipita dirishani nikamkuta ameegemeza shavu mkononi, skrini imeganda.

"Mtaalamu, mashine yako imesilimu," alisema. "Tazama, iko sijda. Nilibonyeza nikadhani itainuka, kumbe inasoma dua ndefu."

"Ni samaki wengi tu, dada. Vumilia."

"Mimi navumilia, nimekaa kwenye kiti. Hao je?" Akaelekeza kidevu nje, ambako kreti zilikuwa zimepangwa kwenye sakafu ya saruji. Paa la bati lilifunika mistari ya mbele tu. Iliyobaki ilikuwa juani.

Mkusanyaji mmoja mwenye sauti ya kuhubiri aliinua mikono. "Jamani, mnakumbuka mzani wa pamba wa ushirika? Tulilala pale na magunia tukausema vibaya. Nauomba radhi leo! Ule ulikuwa ndege!"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, nikarudi kwenye kiyoyozi changu.

Sasa likaja jambo ambalo hata leo nikilifikiria natikisa kichwa. Skrini ikiganda, binadamu anafanya nini? Anabonyeza tena. Dada alibonyeza tena, na mashine, ambayo haikuwa imelala bali ilikuwa inahangaika ndani kwa ndani, ilipozinduka ilihifadhi kreti moja mara mbili. Dada alikuwa mwaminifu. Alipoona kreti imejirudia, aliifuta ile ya ziada. Na alipoifuta, triga iliandika kwenye jedwali la pili: rekodi imefutwa, mtumbwi fulani, saa fulani. Na jedwali la pili likanenepa, na mashine ikazidi kuchelewa, na dada akazidi kubonyeza.

Meneja aliniita ofisini kwake. Alikuwa ametoa chapa ya rekodi zilizofutwa na alikuwa anaipigia mistari kwa kalamu nyekundu, uso umetulia kama wa mtu aliyethibitishiwa jambo alilolisema muda mrefu.

"Nilikwambia. Unaona? Wanafuta."

"Naona, bosi."

"Na huu mtumbwi ndio unaojirudia kuliko yote." Aliniangalia. "Huu si wa kaka yako?"

Ulikuwa wa kaka. Kwa nini wake? Kwa sababu ya saa yake. Alifika gatini asubuhi wakati kila mmoja anafika, foleni imekaza na mashine iko katika hali mbaya kuliko saa nyingine zote. Hayo yalikuwa maelezo yote, na nilikuwa nayo kichwani nikiwa nimesimama pale. Maneno machache tu: bosi, hawa hawafuti kwa wizi, wanafuta kwa sababu mashine imechoka, na aliyeichosha ni mimi.

Nilisema, "Nitafuatilia, bosi."

"Fuatilia. Sisemi ni wewe. Lakini ndugu ni ndugu, na watu wanaona."

Kuanzia hapo nikaogopa jambo moja, kuonekana nampendelea kaka yangu. Woga huo ukanifaa sana, kwa sababu ulinipa jina zuri la kuuita ukimya wangu. Nilijiambia ninatenda haki.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, ziwa limelala kama bati. Kaka aliingia gatini asubuhi, nyuma ya mitumbwi mingi, akiwa na mzigo mkubwa, samaki wa mwalo mzima. Nilishuka kwenda kutazama printa na nikamkuta amesimama dirishani, mkono mmoja kwenye nondo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Wote wazima kwako Kiseke?"

"Wazima. Ng'ambo je?"

"Tupo. Mama anasema ukija umletee zile dawa za mgongo." Akatazama skrini. "Huyu bibi harusi wenu leo anatoka saa ngapi?"

Dada wa mzani akadakia bila kugeuka. "Kaka mkubwa, bado anapakwa hina. Subiri nje na wanaume wenzako."

Kaka alicheka. Alikuwa na kicheko kifupi, cha puani. Kisha akaenda kukaa kwenye ukingo wa kreti zake, akavua shati lake akalitandika juu ya kreti ya juu ili jua lisiile barafu. Alikaa kifua wazi. Nilimwona kupitia dirisha kila niliposhuka, na nilishuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Karatasi zilitoka moja moja, kwa mapumziko marefu. Maji yalianza kutiririka chini ya kreti zake, membamba, yakifuata mteremko wa saruji kurudi ziwani.

Zamu yake ilipofika jua lilikuwa limepita utosini. Mtu wa ubora, mkaguzi wa samaki, alikuja na koti lake jeupe. Kazi yake ilikuwa na heshima ya kitabibu. Alifungua shavu la samaki akatazama rangi, kisha akabonyeza nyama kwa kidole gumba akasubiri. Samaki mzima, nyama inarudi juu. Samaki aliyeanza kuondoka, shimo linabaki. Alibonyeza wa kwanza, wa pili, akaenda kreti ya chini, akabonyeza. Mashimo yalibaki.

"Hawa wamekwenda, mzee," alisema kwa upole. "Weka pembeni."

Kukataliwa kiwandani hakukuwa na maana ya kutupwa. Nje ya geti walikuwepo akina mama wa kukaanga na wa kubanika, wangewachukua kwa bei ya huruma. Lakini wavuvi wa mwaloni walikuwa wamempa kaka samaki wale kwa makubaliano kwamba watalipwa kwa neno la kiwanda: samaki wakikubaliwa ndipo pesa inatoka. Neno la kiwanda lilikuwa ndilo hilo.

Kaka hakubishana na mtu wa ubora. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha la mzani nilipokuwa nimesimama, akanisemesha Kisukuma, kwa sauti ya chini, ili yabaki yetu.

"Mwambie tumesimama hapa tangu asubuhi. Wewe ni mtu wa ndani. Mwambie ni mashine, si samaki. Neno lako litasikika."

Lingesikika. Mtu wa ubora alikuwa na ruhusa ya kuongeza barafu na kupima upya kama ucheleweshaji ni wa kiwanda, na kiwanda kingebeba hasara ya kilichoharibika. Ilitosha mimi kusema. Lakini meneja alikuwa ameshuka, amesimama hatua chache nyuma yangu, mikono mfukoni, anatutazama ndugu wawili tukinong'ona kwa lugha asiyoijua.

Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika.

"Mashine haina tatizo. Barafu yako ilikuwa kidogo."

Dada wa mzani aliinamisha uso kwenye kibodi. Kaka alinitazama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakikioni.

"Haya," alisema. Akaenda kuchukua shati lake.

Ilitokea mara nyingine baada ya hapo, mzigo mdogo zaidi, na safari hiyo hakuja dirishani. Sikuambiwa yaliyofuata na yeye. Nilisimuliwa na mama. Wavuvi wa mwalo wao hawakuwa watu wa kelele. Mkusanyaji akiwaangusha, hawamtukani wala hawamwiti kikaoni. Wanautungua mzani wake kutoka kwenye nguzo, wanauosha kwa maji ya ziwa mpaka unang'aa, na mzee mmoja anaupeleka nyumbani kwake, anasalimia, anauweka mlangoni, anaaga. Mzani ukirudi umeoshwa, hakuna cha kuuliza. Wa kaka ulirudi siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Wakati huo wakusanyaji wakubwa nao walishachoka. Walianza kupeleka mizigo kiwanda cha jirani, na meneja alinijia amelegea.

"Mtaalamu, hakuna namna yoyote ya kuharakisha?"

Ilikuwepo. Niliifanya siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana. Niliifungua triga, nikaondoa ile kazi ya kwenda kusoma jedwali la pili kabla ya kila uzito. Nikaiacha ifyatuke kwa mabadiliko na kufutwa tu, si kwa rekodi mpya, maana rekodi mpya inajishuhudia yenyewe. Rekodi kongwe za jedwali la pili nilizihamishia pembeni, na zilizobaki nikaziwekea faharasa, ili mashine ikitafuta mtumbwi iende mahali pake bila kupekua kila kitu. Kabla watu hawajatoka kazini nilikuwa nimemaliza. Mchana mmoja. Kesho yake dada alibonyeza na karatasi ikatoka kabla hajaondoa kidole.

"Kumbe imejua kuswali kwa haraka!" alisema. Hakunitazama.

Kufutwa kwa rekodi kuliisha kabisa, maana hakukuwa na sababu ya kubonyeza mara mbili. Upungufu wa uzito uliendelea kama zamani. Ulikuwa maji. Samaki anapimwa na barafu yake, anafika ukumbi wa kukatia barafu imeyeyuka. Mtu wa ubora alilieleza hilo siku moja wakati wa chai, bila mtu kumuuliza, na meneja akasema, "Ahaa," akaongeza sukari.

Nilipanda kivuko kwenda kwa kaka. Nilimkuta anapalilia mihogo. Tulisalimiana, akaniambia nikae kwenye kivuli cha ghala, akanawa mikono, akaja. Nikamwambia yote: triga, jedwali la pili, kujaribu likiwa tupu, chapa yenye mistari myekundu, na kwamba barafu yake haikuwa kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani unadhani sikujua?" aliuliza. "Si nilisimama pale dirishani? Nilikuwa namwona yule dada anabonyeza, anasubiri."

"Mbona hukusema, kaka?"

"Niseme mimi? Kompyuta ni ya kwangu?" Akacheka kile kicheko chake cha puani, lakini hakikufika mbali. "Nilikuja kwako ili useme wewe."

"Naweza kwenda mwaloni. Nitawaeleza."

"Utawaeleza nini? Jedwali? Wale walitaka samaki wao wapimwe siku ile. Siku ile imepita." Akaokota jembe. "Mama yuko ndani. Umeleta dawa?"

Nilikuwa nimezisahau.

Hakunifukuza wala hakunisema vibaya kwa watu. Alirudi kwenye mihogo na mpunga, mtumbwi akauuza, injini akaiuza kwa mtu mwingine. Nilipokwenda alinipokea, nilipomsalimu aliitikia marahaba. Lakini nyumbani kwangu Kiseke, alikokuwa akilala kila alipoleta samaki, ambako watoto walimjua kwa sauti ya kukohoa kabla hajabisha hodi, hakuja tena. Nilimwalika kwenye ubarikio wa mwanangu wa kwanza, akatuma jogoo na salamu. Nilimwalika kwenye harusi ya mwanangu huyo, akatuma mbuzi. Wageni walisifia mbuzi yule.

Nilifanya kazi ya kompyuta mpaka kustaafu, hapo na kwingine, na katika miaka yote hiyo sikuweka tena triga kwenye jedwali lenye foleni ya watu bila kwanza kulijaza rekodi nyingi na kukaa mwenyewe mbele ya skrini nikihesabu pumzi zangu. Vijana niliowafundisha walinicheka kwa hilo. Waliona ni uzee.

Kaka alikufa mwaka wa mvua nyingi. Nilivuka na wanangu. Kwetu mdogo wake marehemu ndiye anayepaswa kutupa udongo wa kwanza, na nilisogea kwenye kaburi nikiwa tayari. Mwanawe mkubwa alinishika kiwiko kwa adabu zote, akaniambia baba alishaagiza kazi hiyo aifanye jirani, yule mzee aliyerudisha mzani. Akaniletea kiti, akakiweka walipokaa wageni wa kutoka mjini.

Nilikaa. Nilikubali kuandika amri moja ya kompyuta kwa sababu nilipenda kuitwa mtaalamu, na nilipoona inaharibu nikanyamaza ili niendelee kuitwa hivyo. Kaka yangu alipoteza mwalo wake, na mimi nikampoteza kaka. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, ng'ambo ya ghuba, mahali ninapoweza kupaona kutoka ufukoni siku isiyo na ukungu, na hakuvuka tena kuja kwangu.